Siku Mtani Alipoacha Utani

Wangoni wa Chipata hupenda kusema kwamba tangu wavuke mto Zambezi hawajampigia mtu magoti. Habari hiyo ina chumvi, kama habari zote za ushujaa, lakini Zondiwe Jere aliibeba kutoka kwao hadi chuo kikuu, na kutoka chuo kikuu hadi ofisini Kitwe, ambako alikuwa mhandisi wa kuchora vyuma. Kwa hiyo nikikwambia kwamba siku moja alipiga magoti kwenye kokoto, kofia ngumu ya kazi kichwani, mbele ya fundi wa Kibemba na kundi lake lote, ujue halikuwa jambo dogo. Na ujue vilevile kwamba hakulazimishwa na mtu.

Kazi yake ilikuwa kuzipatia nguzo miguu. Kwenye kituo cha kupozea umeme, zile nyaya nene na vikombe vya kaure havielei hewani. Vinabebwa na nguzo za bomba la chuma, na kila nguzo imechomelewa chini yake bamba la kitako, kipande cha chuma cha mraba chenye matundu manne, na katika matundu hayo hupita bolti zilizozikwa kwenye zege. Bamba likilegea, hata nguzo ingekuwa ya dhahabu itainama. Wapita njia nje ya uzio hutazama juu kwenye nyaya. Zondiwe alitazama chini, na alipenda kutazama chini.

Ofisini kwao mabamba yalikuwa ya unene wa milimita ishirini na tano tangu enzi za waliowatangulia, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Zondiwe aliuliza. Alikaa na hesabu zake wiki mbili akatoka na milimita kumi na sita. Chuma alichopunguza kwenye nguzo ishirini na nne za kituo kipya nje ya Kasama kilifikia uzito wa watu wanne walioshiba. Mkuu wake, Ba Simbeye kwa heshima ya huko, mzee mpole anayekunywa chai bila sukari na kuilaumu kila siku, akautia mchoro sahihi. Akamwahidi kwamba barua ya kumwombea leseni yake ya uhandisi ataiandika mwenyewe mwezi ukiisha. Zondiwe akatembea wiki nzima kama ameota mbawa.

Aliyemtoa mbawa aliitwa Lombe Kabaso. Alikuwa fundi mkuu wa kusimamisha nguzo, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpana wa mabega, pengo moja mbele. Walikutana kwenye karakana siku Kabaso alipokuja kuchukua mabamba. Aliokota moja, akaligeuza huku na huku, akauliza nani amechora. Alipoambiwa ni huyu binti Jere, uso ukamchanua, maana Mbemba na Mngoni ni watani. Babu zao walipigana, wakachoka, wakabaki kutukanana kwa mapenzi, huyu akiitwa mla nyani na yule mla panya.

"Injinia," akasema, "hiki ni kitako cha nguzo, au ni kikaango cha panya wenu?"

"Ni cha panya," Zondiwe akamjibu. "Cha nyani wenu kingehitaji kuwa kipana zaidi."

Karakana nzima ikacheka, na tangu hapo wakawa hawaongei bila kuchokozana. Kabaso akipiga simu kuuliza urefu wa bolti, alianza kwanza kuuliza kama panya wa mwaka huu wamenona. Zondiwe akimjibu, alimpa pole ya ndugu zake walioko mitini. Hakuna aliyekasirika. Utani ukiwa mzuri hupunguza uchovu wa kazi kuliko chai.

Wiki mbili baadaye nguzo zilipokwisha kusimama, Kabaso alipiga simu akiwa Kasama.

"Mtani, haya mabamba yako yanatabasamu. Tukivuta kamba, pembe zinainuka."

Zondiwe alikuwa ameiweka simu isikike na wenzake. "Yamemwona mla nyani," akasema. "Yataachaje kucheka?"

Ofisi ikaangua kicheko, simu ikakatwa, naye akarudi kwenye kazi yake. Mimi simlaumu sana, lakini nitalisema. Utani una ruhusa ya kubeba neno ambalo kwa mdomo wa kawaida lingeleta ugomvi, na ndiyo maana mtani hachekwi tu, husikilizwa. Zondiwe alilelewa ndani ya utani na alilijua hilo vizuri. Siku ile alicheka tu, hakusikiliza.

Zilipita siku kumi. Jumanne asubuhi simu ikaita tena, na ilikuwa namba ileile. Zondiwe akaanza kutabasamu kabla hajapokea, tusi la panya analisubiri.

"Habari za asubuhi, Injinia Jere," sauti ikasema. "Naitwa Lombe Kabaso, fundi mkuu wa kituo cha Kasama. Naomba uje uyaone mabamba yako. Ukaguzi ni Jumanne ijayo, na baada ya ukaguzi nyaya zinafungwa."

Zondiwe akakitua kikombe. Akamwita mtani, mara mbili, akajaribu hata kumuuliza habari za nyani. Kabaso akajibu kwa upole kwamba wote hawajambo, akamtakia siku njema, akakata. Hapo ndipo baridi ilipompanda Zondiwe mgongoni, ingawa ilikuwa Novemba na joto la kutosha kukausha mihogo. Mtani akianza kukuheshimu, jua kuna msiba.

Alfajiri ya Jumatano aliondoka na gari la ofisi. Alifika Kasama jioni, na kesho yake mapema alikuwa kituoni. Kabaso alimpokea kwa mikono miwili, akamwita Injinia, akampeleka moja kwa moja kwenye nguzo ya kona, ile itakayovutwa na nyaya kuliko zote. Wanaume wanane wa kundi lake walikuwa tayari wameshika kamba iliyofungwa juu.

Kabaso alilaza rula ya chuma juu ya bamba. Akatoa mfukoni bledi ya msumeno wa chuma, ule ukanda mwembamba wenye meno, akajaribu kuupitisha chini ya rula. Haukupita. Akawapa ishara. Wanaume wakavuta taratibu, wakiimba kwa sauti ya chini, nguzo ikalia kidogo, na safari hii bledi ikateleza chini ya rula kama kisu kwenye siagi. Wakalegeza. Haikupita. Wakavuta. Ikapita, maana bamba lilipinda kila nguzo ilipovutwa.

Ndiyo desturi yake, akaeleza. Hakabidhi nguzo yoyote kabla ya kuivuta na kupima kwa bledi. Miaka yote, kwa mabamba manene, bledi haijawahi kupita.

Zondiwe alipiga magoti kuchungulia, na hayo bado si yale magoti ninayoyataka kuyasimulia. Chini ya bamba hapakuwa na kitu. Bamba lilikaa juu ya nati nne, moja kila pembe, na kati ya chuma na zege palikuwa na uwazi wa vidole viwili. Upepo ulipita.

"Saruji iko wapi?" akauliza. "Mchoro unasema mjaze saruji chini ya bamba lote."

Kabaso akamjibu kwamba hakuna kundi lolote la kaskazini linalojaza saruji, na si uvivu. Maji ya mvua huingia juu ya bomba, hushuka ndani hadi kwenye tundu la katikati ya bamba, yakikuta saruji imeliziba hukaa humohumo, na nguzo huoza kwa kutu kifundoni bila mtu kuona. Yeye mwenyewe aliwahi kukata nguzo ya namna hiyo kwenye kituo cha zamani. Ilikuwa imebaki nyembamba kama jani. Tangu hapo wakaacha uwazi, maji yatoke. Fundi alimfundisha fundi, na hakuna aliyekwenda kuiambia ofisi. Ofisi nayo haikuuliza.

Zondiwe akauona mkasa wote kwa mara moja. Bamba lililojazwa saruji chini ni kama mtu aliyelala mkekani. Lililoachwa wazi ni kama mtu aliyebebwa kwenye blanketi kwa pembe nne, na blanketi hilo sharti liwe zito. Yale mabamba ya milimita ishirini na tano yalikuwa mazito kiasi cha kuvumilia. Kumbe unene ule aliouona ni ubadhirifu ndio uliokuwa ukiwasitiri mafundi na ofisi kwa pamoja, na yeye, kwa hesabu safi zisizo na kosa hata moja, aliwavua nguo wote wawili.

Alitandaza mchoro juu ya boneti ya gari. Mstari ulikuwepo, kwa mkono wake mwenyewe: jaza saruji chini ya bamba. Akausoma, na haja ya kuficha nini, moyo wake ulitulia. Kwa karatasi, yeye alikuwa salama. Kwa karatasi, mwenye kosa alikuwa Lombe Kabaso, aliyeacha kufuata mchoro kwenye nguzo ishirini na nne, na kosa la namna hiyo humtoa fundi kazini pamoja na watu wake wote. Alipoinua kichwa, Kabaso alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, akiutazama mstari uleule.

"Ulikuwa umeusoma huu," Zondiwe akasema.

"Najua kusoma, Injinia."

"Basi ulijua kwamba ukiniita unajishitaki mwenyewe."

Kabaso akatazama nguzo zake kwanza. "Chini ya hizi nyaya watafanya kazi watoto wa watu," akasema. "Nikaona bora nishitakiwe."

Aliondoka akaenda kukaa na wenzake, wakala viazi vitamu na karanga, naye Zondiwe akabaki na simu mkononi.

Ba Simbeye alisikiliza hadithi yote bila kumkatiza. Kisha, kwa ule upole wake, akamweleza kwamba jambo ni jepesi. Mchoro unasema saruji, mafundi hawakuweka. Aandike hivyo kwenye taarifa, kundi jingine litatumwa kujaza, na barua ya leseni itakwenda kama ilivyopangwa. Hakusema kwa ubaya. Ni mtu aliyempenda binti huyu na kumtakia mema, na wanaotutakia mema ndio wakati mwingine hutufungulia mlango usiofaa.

Zondiwe aliwatazama wale wanaume. Mmoja alikuwa akimmenyea Kabaso kiazi. Aliwaza leseni aliyoingoja miaka mitano, na mama yake Chipata aliyekwisha kuwatangazia majirani. Aliwaza pia simu ile ya kwanza. Mtu huyu alikuwa amemwambia ukweli kwa utani, akachekwa mbele ya ofisi nzima. Angeweza kunyamaza. Angeweza kujaza saruji kimyakimya, mchoro ukatimia, nguzo zikaoza miaka kumi baadaye, wote wawili wakiwa wamesahaulika. Badala yake alipiga tena, akaweka shingo yake kwenye kiganja cha Mngoni aliyemcheka.

"Ba Simbeye," akasema, "saruji tuliiandika, lakini hakuna anayeiweka, na wana sababu. Mimi nilipunguza chuma bila kuja kuona wanavyofanya kazi. Kosa limeanzia kwangu, na nitaandika hivyo."

Akasikia kikombe cha chai kikiwekwa mezani upande wa pili.

"Andika na jina langu," Ba Simbeye akasema mwishowe. "Miaka kumi na minane natia sahihi mstari huo. Sijawahi kwenda kuchungulia. Barua yako itangoja, mwanangu. Unajua hivyo."

Alijua. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kuufunua hakuumi. Alilia kidogo nyuma ya gari, akajifuta kwa mkono wa fulana, akaenda kwa Kabaso kumuuliza swali ambalo mtu wa ofisini alipaswa kuliuliza miaka mingi nyuma: saruji ikijazwa, maji yatatokaje?

Kabaso alifikiri akitafuna. Kisha akasema kuna mpira wa kumwagilia bustani nyuma ya ghala. Ukikatwa vipande, vikapakwa mafuta, vikalazwa chini ya bamba kutoka kwenye tundu la katikati hadi nje, kisha saruji ikajazwa, mtu anaweza kuvivuta saruji ikianza kushika. Kitabaki kijia. Bamba litalala mkekani, na maji yatapita.

Zondiwe alipiga hesabu juu ya mfuko mtupu wa saruji kwa kalamu ya seremala. Aliangalia kijia hicho kinapunguza nguvu kiasi gani, akakigeuza kipite upande ambao bamba halilemewi, akarudia hesabu, ikakubali. Milimita kumi na sita zilitosha. Alimwonyesha Kabaso kila hatua, naye Kabaso akainama juu ya ule mfuko akifuata kwa kidole, akauliza maswali mawili, na la pili lilimfanya Zondiwe afute mstari mmoja na kuuandika upya.

Walijaza Alhamisi iliyobaki na Ijumaa yote. Mhandisi alivua saa akakoroga, maana watu tisa hawatoshi kwa mabamba ishirini na manne na mawingu yalikuwa yakikusanyika. Walishindilia saruji kwa ubao mwembamba, wakivuta mipira mmoja mmoja, wakafunika kwa magunia mabichi. Jumamosi mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha, na Zondiwe akatoka mbio kwenye nyumba ya wageni, akafika kituoni amelowa chapachapa. Alimkuta Kabaso amefika kabla yake, amechuchumaa karibu na nguzo ya kona. Kwenye kijia chini ya bamba maji yalikuwa yakitoka, uzi mwembamba, safi. Walikaa wakiutazama. Kabaso alikuwa bado anamwita Injinia, naye Zondiwe hakuthubutu kutaja nyani.

Jumanne mkaguzi alikuja, mwanamke mkavu wa maneno. Alisoma taarifa ya Zondiwe akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, akauliza ni nani aliyebuni kijia cha maji. Zondiwe akamtajia jina, herufi kwa herufi ili lisikosewe. Mkaguzi akaliandika. Kisha akataka kuona hiyo habari ya bledi kwa macho yake.

Wanaume wakashika kamba. Rula ikalazwa. Wakavuta hadi mishipa ya shingo ikawatoka, na nguzo ikalia kama siku ile. Kabaso akaisukuma bledi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akampa mkaguzi naye ajaribu. Haikupita. Mkaguzi akazunguka nguzo zote ishirini na nne, na mwisho wake akatia sahihi, akasema mchoro mpya, wenye kijia, anauhitaji mezani kwake, maana kuna vituo vingine vinajengwa. Halafu akaingia kwenye gari lake akaenda zake.

Hapo sasa ndipo penyewe. Kundi lilikuwa likikunja kamba, wakitaniana, wakingoja Mngoni aseme neno la kuaga ili wamjibu. Zondiwe alimwendea Kabaso. Alikuwa amepanga maneno tangu usiku, maneno mazuri ya kusomeka, na yote yakamtoroka. Akapiga magoti kwenye kokoto. Akakunja viganja kama vikombe viwili, akapiga makofi polepole, kama Wabemba wanavyoshukuru mtu anayestahili.

"Asante, tata," akasema, kama Wabemba wanavyomwita baba. "Uliniambia nikacheka. Ukaniambia tena."

Kamba ikaachwa chini. Hakuna aliyecheka. Kabaso alisimama pale mikono ikining'inia kama ya mtu mwingine, kisha naye taratibu, kwa sababu goti lake la kushoto ni bovu, akashuka kwenye kokoto mbele yake na kupiga makofi yaleyale.

"Nimesimamisha nguzo miaka ishirini na sita," akasema. "Simu kama ile, kwa kasoro hii na nyingine, nimewapigia wahandisi wanne. Wa kwanza alikata. Wa pili aliniandikia barua, nikahamishwa. Wa tatu alisema atakuja. Wewe ulikuja, mama. Asante."

Wakabaki hivyo, wamepigiana magoti, mhandisi na fundi, makofi yakififia, na wanaume wanane wakitazama pembeni kwa adabu. Zondiwe alikuwa akilia waziwazi na hakujali. Leseni ingengoja, mama yake angeelezwa, na majirani wangesema walichotaka kusema. Moyo wake ulijaa mpaka hapakuwa na pa kuweka kitu kingine.

Kabaso akamtazama, akapangusa pua kwa kiganja, na lile pengo la mbele likaonekana kwa mara ya kwanza tangu Zondiwe afike Kasama.

"Haya inuka, mla panya," akasema. "Unaniharibia kokoto."